Maswali ya wasomaji: Kijaluo nyumbani, Kiswahili darasani

SWALI: Tulihamia Naivasha kutoka Siaya nifanye kazi ya maua. Mtoto wangu wa miaka 4 yuko PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) na anajua Kijaluo tu. Mwalimu anataka niache kumwongelesha Kijaluo. Kiswahili changu ni cha kuombea maji, na kusoma nasoma kwa shida. Nifanyeje?
– Mama, Karagita

JIBU: Usikiache Kijaluo, mama. Sera ya elimu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na penye mchanganyiko wa makabila kama Karagita, lugha hiyo ni Kiswahili. Mwalimu ana haki darasani. Jikoni kwako hana. Kisa kirefu cha Kijaluo kinamfunza mtoto kupanga matukio na kuuliza kwa nini, na ujuzi huo hauna kabila.

La haraka ni maneno ya kumwokoa: choo, maji, naumwa, sijaelewa, amenipiga. Mfundishe haya wiki hii. Mtoto asiyejua kuomba choo hujikojolea, huchekwa, kisha hukataa shule, na watu husema ni mkaidi.

Halafu mtengenezee kitabu. Kunja karatasi 4 za A4 katikati, uzishone kwenye mkunjo kwa uzi: utapata kurasa 16. Ya kwanza na ya mwisho ni jalada. Ndani zinabaki jozi 7 zinazotazamana. Wewe sema sentensi, jirani au mtoto mkubwa aandike: kushoto “Mama nyiewo rech”, kulia “Mama ananunua samaki”. Mtoto achore. Sentensi moja tu kwa ukurasa, kwa herufi ndogo (a, b, c) zilizoandikwa kwa ukubwa wa kuonekana, maana maandishi ya herufi kubwa tupu humchanganya akikuta herufi ndogo darasani. Mnaposoma, pitisha kidole chini ya maneno. Dakika 10 kila jioni zinatosha. Januari, oda za maua ya Siku ya Wapendanao, Februari 14, zikikuchelewesha kazini, rekodi kisa kwenye simu, anayebaki na mtoto amchezeshee.

Herufi mfundishe kwa sauti zake: a, e, i, o, u, kisha ma, me, mi, mo, mu. Wengi huanza na “ei, bii, sii”, ndiyo maana mtoto akiona “ka” anasema “kei-ei” na kukwama hapo. Irabu hizo tano zinaandikwa vivyo hivyo kwa Kijaluo, basi amepata mbili kwa bei ya moja. Akisema “sule”, usimkaripie. Kijaluo hakina sauti ya “sh”. Itikia tu, “Ndiyo, shule,” muendelee.

SWALI: Tunahama Kisumu kwenda Nakuru katikati ya muhula. Binti ana miaka 6 na hajawahi kusoma. Watamkataa akifeli intavyuu?
– Baba, Kondele

JIBU: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya mtihani, jaribio ni la kujua aanzie darasa gani. Linalokwamisha wengi ni cheti cha kuzaliwa. Kama alizaliwa Kisumu na hana, kishughulikie kabla hamjapakia vitu, kwa kuwa usajili ukipita miezi 6 tangu kuzaliwa huhesabiwa umechelewa na huwa na masharti zaidi, na yeye ameshapita. Beba pia kitabu cha kliniki. Akipangwa na wadogo wa PP2, mwache amalize muhula huo kabla ya kudai apandishwe.