Sinki nililikuta na ufa

Nilipohamia Tabata, Dar es Salaam, mama mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita na dhamana ya mwezi mmoja juu yake, shilingi 350,000. Dalali naye akala kodi ya mwezi mzima kwa kunifungulia geti. Ukishatoboka hivyo, mkataba unasaini huku roho iko kwenye Kirikuu lenye godoro lako nje.

Ila jioni ile nilifanya jambo moja la maana, tena kwa hasira tu: sinki la jikoni lilikuwa na ufa, maji yanadondokea kabatini. Nikapiga picha, nikamtumia WhatsApp. "Mama, sinki nimelikuta na ufa." Akajibu, "Sawa mwanangu, fundi atakuja." Fundi huyo namsubiri mpaka leo.

Baada ya miaka miwili nahama, naambiwa dhamana imeishia kwenye sinki na rangi. Rangi! Ukuta kupauka kwa miaka miwili ni uchakavu wa kawaida. Dhamana ni ya kodi unayodaiwa, bili ulizoacha na ulichovunja wewe, basi. Akikukata, omba risiti ya fundi na ya vifaa.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, ya 1984, ilifutwa 2005, kwa hiyo mengi yanasimama juu ya mkataba wako. Hakikisha umeandikwa dhamana ni kiasi gani, inarudi ndani ya siku ngapi, na inakatwa kwa lipi. Orodha ya vitu, kuanzia vitasa hadi feni, msaini wote wawili. Na usikubali ule ujanja wa "kaa mwezi wa mwisho uimalizie" kwa mdomo tu. Baadaye utaambiwa unadaiwa kodi.

Mkikwama, anza na barua yenye tarehe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Ikishindikana, peleka baraza la kata; tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita hapo bila mwafaka, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mimi sikufika huko. Kwa mwenyekiti wa mtaa nilifungua simu, nikamwonyesha picha, tarehe na lile "sawa mwanangu". Mama akaisoma mara mbili, akavua miwani. Kesho yake ikaingia 290,000. Zile 60,000 ni bili ya maji, na hiyo kweli niliiacha mimi.