Paka kwenye mswala: je, ni lazima aogeshwe ndipo sala isihi?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mjane, nakaa Ngamiani, Tanga, na wajukuu wawili. Marehemu mume wangu alikuwa muuza samaki, na paka wetu Sikitu alikuwa akimngoja mlangoni kila jioni. Sasa analala juu ya mswala wa marehemu, nami sina moyo wa kumfukuza. Kwenye darsa tumeambiwa manyoya ya paka ni najisi, na nyumba yenye paka sala hazisihi mpaka aogeshwe kila Ijumaa mara saba, moja kwa udongo. Nimefanya hivyo tangu Mfungo Sita, na nimeanza kulipa sala za mwaka mzima. Alipozaa nikawaogesha na watoto wake, nikatia majini dawa ya kuulia vijidudu. Mtoto mmoja akafa usiku uleule. Tangu hapo ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka hainitoki kichwani. Je, mimi ndiye yule?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Hapana, mama, si wewe. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi.

Hadithi hiyo ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini isikilize yote. Mwanamke yule alimfunga paka mpaka akafa, hakumlisha, wala hakumwachia aende akajitafutie wadudu wa ardhini. Alimwona akikonda siku baada ya siku na kamba iko mkononi mwake. Wewe ulipasha maji, ukakaa chini kwenye kibao, ukawaosha ukidhani unamtii Mola wako. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba hapana lawama juu yenu kwa mliyoyakosea, ila kwa yale ambayo nyoyo zenu zimeyakusudia. Huna kafara ya kutoa. Umesikitika, na sasa umejua, usirudie, basi.

Sasa nije kwa huyo aliyewafundisha. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nakiri nimekasirika.

Mara saba na udongo imekuja kwa mbwa, chombo alicholamba. Watoto wetu wanaoanza Safina, kitabu cha mwanzo cha fiqhi, madrasa wanajua kuwa najisi nzito ni mbwa na nguruwe na kilichozaliwa na mmoja wao. Paka kaingiaje hapo? Kama ni kwa kuwa naye analamba, basi na mbuzi analamba, na ng'ombe analamba. Iko riwaya kwa Tirmidhi inayotaja chombo kilicholambwa na paka kuoshwa mara moja, na huenda ndiyo aliyoisikia nusu. Lakini wajuzi wa hadithi, Bayhaqi miongoni mwao, wamebainisha kuwa hayo ni maneno ya sahaba Abu Hurayra yaliyounganishwa na ya Mtume. Hata ukiyachukua yalivyo, yanataja chombo na mara moja tu. Kumtia paka mwenyewe kwenye beseni hakumo. Ijumaa haimo.

Lililothibiti kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ni hili. Sahaba Abu Qatada aliingia nyumbani, Kabsha mke wa mwanawe akamwekea maji ya udhu. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipoona yule binti anamtazama kwa mshangao akamwambia: Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaokuzungukeni majumbani. Wameipokea Malik, Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Tazama alivyofanya: ndevu za paka zimo ndani ya maji ya udhu, na mzee wa watu anakiinamisha chombo ili afikie vizuri. Mama Aisha naye aliletewa harisa, chakula cha ngano na nyama, yumo katika sala, paka akaidonoa. Alipomaliza kusali akala palepale alipokula paka. Kama nyumba yenye paka haina sala, anza na nyumba ya Aisha.

Mwalimu wenu atasema: lakini anakula panya. Kweli, na mdomo wenye damu ya panya unayoiona ni najisi kwa wakati ule. Ila wanazuoni wetu wa Kishafi wamesema akitoweka muda ambao yamkini amekunywa maji mahali, hatuyahukumii maji yako kuwa najisi. Hatukuamrishwa kumfuata paka uani kumpekua meno.

Kwenye manyoya napo ana kipande cha haki, nami sitamnyima. Katika madhehebu yetu unyoya uliong'oka kwa mnyama hai asiyeliwa unahesabiwa najisi. Lakini hao hao walioandika hivyo wakaandika mstari unaofuata, ambao yeye ameuruka: uchache wake umesamehewa, na mpanda punda akasamehewa hata mengi, kwa kuwa hana pa kukwepea. Mwenye kuishi na paka chumba kimoja yu karibu sana na mpanda punda. Na madhehebu nyingine, Hanafi na Maliki, hawauoni unyoya huo kuwa najisi tangu mwanzo.

Tena kauli yake inajipinga yenyewe. Kama kinachotisha ni manyoya yaliyong'oka, kumlowesha paka na kumsugua ndiko kunakoyang'oa kwa mafungu, tena yakiwa mabichi, yakakushika mikono hadi viwiko. Paka mkavu alikuachia manyoya matatu juu ya mswala. Paka anayeogeshwa kila Ijumaa amekujazia beseni.

Sufyan Thawri, mwanazuoni mkubwa wa zamani, alisema elimu ni ruhusa itokayo kwa mtu mwaminifu, ama ukali kila mtu anauweza.

Basi kumuogesha si wajibu wala si sunna. Ni jambo la mubaha, ukifanya au ukiacha huna dhambi, kama kufua pazia, madamu hadhuriki. Paka mzima hujisafisha kutwa kwa ulimi wake wenye miiba midogo. Wangu nilimuogesha mara moja tu, alipotumbukia kwenye kopo la oili chafu ya gari, kwa kuwa kilicho juu ya manyoya yake atakilamba. Daktari wa mifugo aliniambia nimpake kwanza mafuta ya kupikia kulegeza ile oili, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, nisimmwagie kichwani, nimkaushe vizuri kwa taulo. Alinikwaruza mpaka leo alama ninayo. Akipatwa na kinyesi mkiani, osha hapo tu.

Dawa yako, kama ni ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, ni sumu kwa paka, mkubwa na mdogo. Ikibaki kwenye manyoya hulambwa yote. Sabuni ya unga usimpake, mafuta ya taa usimpake, wala dawa ya viroboto vya mbwa. Viroboto mtolee kwa chanuo lenye meno ya karibukaribu. Na hao watoto waliobaki wapeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, usingoje.

Kuhusu sala unazolipa: acha. Acha leo, hata kama umefika katikati ya mwezi. Ulisali sala sahihi, na sala sahihi hailipwi. Nafsi itakuambia ongeza kwa tahadhari. Huo ni wasiwasi, na wasiwasi ukiupa rakaa mbili utadai nne. Muda uliokuwa ukiutumia kulipa, mwombee marehemu.

Naona mswala ule si mswala tu kwako. Paka alimngoja aliyekuwa akirudi na harufu ya samaki, hakurudi, akaenda kulala pale harufu yake ilipobaki. Mwache. Lakini usifanye kosa la pili la kuuacha mswala umekunjwa miaka usisaliwe, ukawa kama kaburi ndani ya nyumba. Akijisaidia juu yake, mkojo na kinyesi cha paka ni najisi kwa yakini: ondoa, mwagia maji mpaka iondoke rangi na harufu, anika. Siku nyingine uukung'ute dirishani, usali juu yake. Akija kujikunja mbele yako unaposujudu, msogeze kwa mkono mmoja taratibu. Sala yako iko palepale.

Wallahu aalam.