Segimenti si orodha uliyochuja

Juzi dada mmoja anayeuza vipodozi Mwanza, anayetumia Mautic (programu ya kutunza taarifa za wateja na kuwatumia matangazo), aliniandikia hivi: "Dada, samahani kwa usumbufu. Nimechuja wateja wangu kwenye Mautic nikawapata wote wa Mwanza waliojaza fomu, nawaona kabisa. Sasa mbona kampeni inasema haina mtu?"

Haina mtu kwa sababu hujaipa mtu, mdogo wangu. Ulichofanya kwenye ukurasa wa wateja ni kutafuta tu. Umeweka masharti, programu ikakuonyesha wanaolingana nayo kwa dakika ile, ukifunga ukurasa biashara imeisha. Kampeni ya Mautic, yaani ujumbe uliopangwa kujituma wenyewe, inachukua watu kutoka kwenye segimenti (kundi la wateja lenye masharti, linalojisasisha) au fomu, haijui ulikuwa unaangalia nini kwenye skrini. Masharti yaleyale yapeleke kwenye segimenti, uihifadhi. Na ukikuta inasoma sifuri usianze kulia: kuna amri inaitwa mautic:segments:update, lazima iwekewe ratiba kwenye seva ijiendeshe yenyewe. Bila hiyo segimenti ni jina tu. Hapo ndipo wengi wanasema programu mbovu.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa nililiona kwenye duka moja la sare za shule hapa Dar, na mpaka leo nikilikumbuka roho inaniuma kidogo.

Ilikuwa Desemba, wazazi wanauliza bei kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nikawatengenezea segimenti: aliyejaza fomu ya bei, ambaye hana lebo ya "amenunua". Keshia akishapokea hela anaweka lebo. Basi mzazi akilipa asubuhi, mfumo ukijisasisha anatoka kwenye segimenti, akitoka anatoka na kwenye kampeni, hasumbuliwi tena. Aliyeuliza bei leo anaingia bila mtu kumgusa. Ni kama daftari la madeni la Mangi: ukikopa unaandikwa, ukilipa unakatwa.

Sasa pale dukani kulikuwa na kijana wa mauzo, yeye dini yake Excel. Jumatatu anachuja, anapakua faili, halafu anatuma ujumbe kwa faili hilohilo wiki nzima. Kufika Alhamisi, wazazi waliokwisha kununua wanapokea "Mzazi mpendwa, bado hujachelewa, njoo uchukue sare." Mama mmoja alijibu kwa picha: mtoto kavaa sweta, risiti kaishika mkononi, na chini kaandika, "Mnataka ninunue mara ngapi?" Picha ile niliiona mimi kwa macho yangu, iko wazi mpaka jina la duka kwenye risiti linasomeka.

Kwenye kikao tajiri akasema nini? Kwamba mfumo wangu una maneno mengi, mwenzangu ana orodha mkononi. Nikaagwa kistaarabu. Ankara ya mwezi ule sijalipwa hadi leo.

Januari shule zimefunguliwa, wanataka kuwatangazia viatu wale walionunua sare. Wakafungua faili: nani kanunua, nani hajanunua, hakuna ajuaye. Wakanipigia. Nikawaambia wafungue mfumo, maana keshia aliendelea kuweka lebo kama nilivyomfundisha na mimi sikuzima kitu. Walionunua walikuwa wamejipanga wenyewe, hadi wa asubuhi ile. Sikusema neno. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Kwa hiyo ukitaka kukua kwenye kazi hii, nisikilize. Watu wanahangaika na nani aingie, hawajiulizi atatokaje. Andika sharti la kutoka kwanza. Kama huna sharti la kutoka, au hakuna mtu wa kuweka lebo, basi ulichonacho ni orodha iliyochujwa, hata ukiiita segimenti. Tarehe nayo: ukiandika "tangu 1 Desemba", ikifika Machi bado unawabembeleza watu wa Desemba. Weka siku 30 zilizopita, itembee na kalenda.

Halafu kuna wanaojiondoa. Mteja akibonyeza kujiondoa, Mautic inamwekea alama na haimtumii tena barua pepe za matangazo. Faili ulilopakua mwezi jana halina habari hiyo, litamtumia tu. Atakachofanya ni kukuripoti kuwa ni taka, na tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua, si wale wa 5,000 kwa siku tu, malalamiko ya namna hiyo yasifike asilimia 0.3. Huna barua 5,000? Bado linakuhusu, na tabia unaijenga sasa. Na sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina ya wateja kuzagaa kwenye simu za vijana wa mauzo si mzaha tena.

Sisemi orodha iliyoganda haina kazi. Ukialika watu kwenye uzinduzi wa siku moja, unataka majina yaleyale yabaki mpaka mlangoni. HubSpot, programu nyingine ya namna hii, wenyewe wanakupa zote mbili, inayojisasisha na iliyoganda. Chagua kwa kujua.

Jambo moja litakalokusumbua mapema: kwenye Mautic ukimtoa mtu kwenye segimenti kwa mkono, masharti hayamrudishi tena hata akitimiza yote. Na uliyemwingiza kwa mkono hatoki hata masharti yakimkataa. Kwa hiyo ukiona mteja mmoja kakaa pasipomhusu, usimfute pale. Nenda kwenye taarifa zake ukarekebishe lebo, halafu subiri mfumo ujisasishe.