Sizoni huanza kuchoka wapi? Maelezo ya mtafsiri wa zamani wa kibanda umiza, Kirumba

Wakuu, mdau kauliza kwa nini sizoni nyingi (tamthilia za nje za mfululizo) zinaanza moto, halafu zikifika sehemu ya tatu au ya nne unaangalia kwa kujilazimisha. Wengi mmemjibu kwamba waandishi wameishiwa. Mnawaonea. Naomba niweke langu, refu kidogo, maana hili nimelifanyia kazi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kuanzia 2007 nilikuwa natafsiri muvi kwenye kibanda umiza (kibanda cha kuonyesha video) kimoja pale Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la dagaa la Mwaloni. TV ya chogo, maiki moja, spika mbili, jenereta nyuma ya bati, kiingilio shilingi 200. Wateja wetu wakubwa walikuwa wavuvi wa dagaa. Mliokulia ziwani mnajua: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, watu wanakaa nchi kavu siku kama kumi. Siku hizo ndizo zilikuwa mavuno yetu. Mtu kaleta mzigo kutoka visiwa vya Ukara au Goziba, ana hela mfukoni na usiku mrefu mbele yake. Ukimwekea Scofield (jina lake ni Prison Break, ya Marekani, lakini pale nani alikuwa anaiita hivyo badala ya jina la mhusika mkuu?) anarudi kila jioni mpaka giza limwite ziwani.

Sasa mtafsiri anaijua sizoni kwa koo. Ile ya kwanza ya Scofield ilinitoa jasho. Mchana ilibidi niiangalie peke yangu mara mbili, niandike majina kwenye kipande cha boksi, ndipo jioni nishike maiki. Hakukuwa na kitu cha bure mle ndani. Mnakumbuka ile boliti anayoihangaikia kwenye mabenchi ya uwanja wa gereza? Usiku mmoja ilipotokea nilikuwa nakunywa maji, nikaipita. Haukupita muda kelele zikaanza: kile chuma ni cha nini, kakitoa wapi? Ikabidi turudishe CD nyuma, nami nikaomba radhi kwenye maiki.

Tulipofika ya nne nilikuwa naingia kibandani bila maandalizi yoyote. Watu wawili wanakaa mezani, mmoja anamkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua, na sisi tunalijua. Nanyamaza, namenya karanga, nikirudi kwenye maiki nakuta hadithi iko palepale nilipoiacha. Kuna siku CD ilikuwa na mikwaruzo, tukaruka episodi nzima. Hakuna aliyeuliza.

Kilichotokea katikati ni nini? Hadithi ile ilikuja na swali moja: huyu jamaa atamtoaje kaka yake gerezani kabla hajakalishwa kwenye kiti cha umeme? Swali likajibiwa mwishoni mwa sizoni ya kwanza, walipovuka ukuta. Ya pili bado ilikuwa na pumzi, kwa sababu mfungwa akitoroka lazima asakwe. Baada ya hapo wakamrudisha gerezani, safari hii Panama. Hapo ni kama nyumba imeshapauliwa, bati ziko juu, halafu fundi anaambiwa aongeze kozi za tofali. Ataziweka wapi? Na fundi ni yuleyule aliyejenga vizuri mwanzo, msimtukane.

Kwa nini anaambiwa aongeze? Kwa sababu anayelipa hauzi mwisho wa hadithi, anauza nafasi za matangazo kila wiki. Televisheni kubwa za Marekani wakati ule zilikuwa zinataka episodi kama 22 kwa mwaka. Na pesa nzuri zaidi ilikuwa ya marudio: kipindi kikifikisha episodi karibu 100, kinauzika kwa vituo vingine virushe kila siku kwa miaka. Pigeni hesabu wenyewe. Ili ufike 100 kwa mwendo wa 22, unahitaji miaka minne hadi mitano. Mwandishi aliyekuja na hadithi ya mwaka mmoja na nusu, afanyeje? Anaongeza kaka aliyepotea, kampuni ya siri, mama aliyedhaniwa kafa.

Halafu kuna suala la muda. Wazo la sizoni ya kwanza mtu analitafuna miaka kabla halijapata mnunuzi. Ya pili inaandikwa huku kamera zinazunguka, na episodi moja ya saa nzima inapigwa kwa siku kama nane hivi. Wapishi walewale, ila mboga ya kwanza ilichemka usiku kucha, ya pili wageni wameshakaa mkekani.

Na kuna mambo ambayo hata mwenye pesa hayapangi. Sizoni ya tatu ya Scofield ilipofika kwetu ina episodi 13 tu, wateja walituandama kwamba tumeficha CD. Sisi nasi tukawa tunamlaumu jamaa wa Dar aliyetutumia mzigo. Kumbe waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, sizoni kibao zikakatwa.

Waigizaji nao ni watu, wanachoka, wanagombana na wenye kazi, wanaondoka. Waulizeni mama zenu waliokuwa wanafuatilia Sultan, ile ya Kituruki, kwenye Azam. Meryem Uzerli aliyekuwa Hürrem aliacha kazi 2013, akaja mwanamke mwingine, Vahide Perçin, kwa jina lilelile. Nyumbani kwetu Igoma dada yangu alikaa wiki nzima anamwita "yule mgeni". Na huyo mgeni ni mwigizaji mzuri tu! Uturuki wanapiga episodi ya karibu saa mbili kila wiki, nani asichoke?

Game of Thrones mnaijua wenyewe, ilivipita vitabu vilivyoizaa. Kitabu cha tano kilitoka 2011, mwaka uleule televisheni ilipoanza. Cha sita hakijaja, na walipofika mbele wakawa wanatembea bila ramani. Wahispania wa La Casa de Papel nao hadithi yao ilipangwa iishe 2017 na wizi mmoja. Netflix ikainunua, dunia ikaipenda, wakaletewa hela waibe tena. Wakaiba tena mpaka 2021.

Zipo zilizopona, sikatai. Breaking Bad ilifunga duka 2013 ikiwa na episodi 62, watu bado wanaililia. Swali lake lilikuwa mtu ataharibika mpaka wapi, na mtu kuharibika kunachukua muda, kwa hiyo ilikuwa na nafasi ya kutembea. Hizi tamthilia za kila siku sizipimi kwa mzani huu. Zile ni kama kijiwe, unapita unasalimia unaondoka.

Ila kwangu mimi kuna kosa moja ambalo silisamehe. Sizoni ya tatu, wanamletea Scofield na kaka yake ujumbe kwamba Sara, yule daktari, kakatwa kichwa, kiko kwenye boksi. Usiku ule kibanda kilikuwa kimya, jenereta tu ndiyo ilikuwa inaongea. Mimi mwenyewe sauti ilikwama. Kuna mzee wa Ukara alikuwa anakaa benchi la mbele siku zote, akatoka nje bila kuaga. Halafu sizoni ya nne huyo hapo Sara, mzima, shingo haina hata alama. Mzee akasimama, akanigeukia mimi na si TV: "Dogo, turudishie hela ya kile kichwa." Watu wakacheka mpaka wakamwaga kahawa, lakini toka siku ile kila mtu akifa kwenye skrini kuna mtu anasema "kesho yuko hapa". Unatafsiri kifo, watu wanatafuna miwa.

Sizoni ya tano ya Scofield, ile ya 2017 yenye episodi 9, ilinikuta nimeshaacha maiki, nauza muvi kwenye flashi. Nikakutana na yule mzee Mwaloni anapakia magunia ya dagaa. Nikamwambia Scofield aliyekufa kafufuka, yuko gerezani Yemen. Hakuacha kufunga kamba.

"Yeye hakuwekwa kwenye boksi?" akauliza.