Jibu: Kwa nini bado tunaikumbuka DEU na ramani za Doom

Ndugu yetu ameuliza kwa nini sisi wa zamani bado tunazililia programu za kuchorea ramani za Doom, ule mchezo wa kompyuta wa kupiga risasi, yaani majumba na njia anamotembea mchezaji, ilhali za leo ni nyepesi zaidi na nyingi hazilipiwi. Jambo hili nimeishi nalo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa skuli hapa Mji Mkongwe, kwa hiyo nitamjibu kwa yale niliyoyafanya mwenyewe.

Doom ilitoka Desemba 1993, na mwaka uliofuata wapenzi wake, akina Brendon Wyber na Raphaël Quinet, wakatoa DEU, programu ya bure ya kuchorea ramani zake. Mimi niliipata 1997, ami yangu aliporudi kutoka Maskati na flopi chache mkobani. DEU ilikuonesha ramani kwa juu, kama mchoro wa fundi: unaweka nukta, unaziunganisha kwa mistari, na eneo lililozungukwa na mistari hiyo, ambalo huitwa sekta, unalipangia kimo cha sakafu na kimo cha dari. Hata mlango ni sekta tu, ambayo dari yake imeshushwa hadi sakafuni ikingoja mchezaji aifungue.

Nilichotaka kukichora ni kichochoro chetu. Mchezaji wa Doom ana kimo cha vipimo 56 vya humo ndani ya gemu, na hawezi kupanda kidato kinachozidi vipimo 24, kwa hiyo nilitoka nje nikayapima mabaraza kwa shubiri, huku wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakiniuliza ni nani anayetaka kununua nyumba. Mabaraza mengi yalitoka vipimo 16, na mchezaji akayapanda bila taabu. Baraza la bibi, lililokuwa refu kuliko yote, lilitoka vipimo 32, na mchezaji akawa analigonga kama ukuta. Nilirudi kulitazama, na ndipo nilipoliona jiwe la kukanyagia lililokaa mbele yake miaka yote, ambalo nilikuwa nikilipanda kila siku bila kulitia maanani. Nikalichora kwa vipimo 16, na mchezaji akafika juu.

Kilichonishinda ni wikio, yaani kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Katika Doom kila sekta ina sakafu moja na dari moja tu, kwa hiyo chumba hakiwezi kukaa juu ya chengine. Baada ya siku nyingi niliishusha dari ya kile kipande cha njia, na ukuta wa juu yake nikaupa picha yenye dirisha. Ukipita chini unaamini kwamba pana watu juu, ingawa hakuna pa kuingilia. Gemu ya Quake ilipotoka mwaka 1996 ilileta maumbo ya kweli ya pande tatu, na baadaye nilichora humo chumba kile kile kwa jioni moja. Nakiri kwamba hakikunipa hata nusu ya furaha ya lile dirisha la uongo.

Taabu zilikuwepo, nami sizifichi. Ukimaliza kuchora, ramani ilipaswa kwanza kukatwakatwa na kompyuta ili gemu ijue ukuta upi uko mbele ya upi, na kwenye mashine yetu ya 486 kazi hiyo ilinipa muda wa kwenda kusali na kurudi. Usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya kazi, na nyumba nzima ya bibi ikapotea. Niliichora upya kwa siku tatu, na tangu hapo sikuwahi kuondoka kwenye kiti bila kuhifadhi nakala kwenye flopi ya pili.

Nakala hiyo ndiyo iliyonusurika. Kwa kuwa msimbo wa Doom, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulitolewa hadharani mwaka 1997, ziko programu za leo zinazoyafungua mafaili yale ya zamani. Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, nilimfungulia binti yangu ramani ile. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye baraza la bibi, ambaye hakuwahi kumuona, akapanda juu ya jiwe, kisha akaniuliza dirisha lile la juu ya njia ni la chumba cha nani.