Korosho: bei mnaisikia mnadani, lakini msimu wetu huamuliwa mwezi wa sita

Mkuu, umeuliza: unataka kununua shamba la mikorosho Masasi, umeona bei za minada ni nzuri, je, sera za serikali zina madhara gani kwa mkulima? Mimi ni wa Tandahimba, mikorosho nimeikuta kwa mama na yeye aliikuta kwa baba yake. Nitakujibu kwa yaliyonipata.

Anza na mwaka 2017. Msimu ule tulipewa bure salfa, ule unga wa kiberiti tunaoupulizia mikorosho kuikinga na ugonjwa wa ubwiriunga, na bei ikafika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 300,000. Watu waliezeka nyumba mabati, watoto wakapelekwa shule za bweni. Wengi mnaukumbuka msimu ule kwa sababu ya bei. Mimi naukumbuka kwa sababu ya salfa, maana bila salfa hiyo bei ungeisikia tu redioni. Ubwiriunga ukiingia, maua yanakuwa kama yamemwagiwa unga, baada ya siku chache yamekauka meusi, na hapo hata upulizie vipi umechelewa.

Pembejeo hizo zilitegemea ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje. Asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, utafiti, miche. Juni 2018 Bunge likabadilisha sheria, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu zote, wakashindwa kwa kura. Siku hizo sisi tulikuwa wapi? Juu ya mashine za kupulizia, saa kumi alfajiri, kabla upepo haujaamka. Habari za Dodoma tulizipata jioni kwenye simu ya jirani, jambo limeshapita. Msimu uliofuata mavuno ya nchi yalishuka sana.

Halafu ikaja Oktoba 2018. Mnadani wanunuzi wakaleta bei za chini kabisa, tukagoma kuuza. Serikali ikaketi na wanunuzi, wakakubaliana bei isishuke chini ya 3,000. Angalia hapo, mkuu. Wanunuzi ni wachache, wana chama chao, wana wanasheria, wakiitwa wanafika siku hiyo hiyo kwa ndege. Sijawahi kusikia mkulima wa kijijini kwetu akiitwa kwenye kikao cha aina hiyo. Makubaliano yenyewe hayakuzaa kitu, na mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300 na jeshi litazisomba.

Tulishangilia, nisikudanganye. Malori ya jeshi yalivyoingia, akina mama walipiga vigelegele barabarani. Ila kabla ya malipo kukawa na uhakiki wa kuwabaini walanguzi wa kangomba, wale wanaonunua kwa mkulima mwenye njaa kwa bei ya kutupa. Nia ilikuwa njema, kangomba imetuumiza miaka mingi. Mimi nilikuwa na kilo 1,840 ghalani, zangu na za mama, zote kwa jina langu kwa sababu mama hana akaunti ya benki. Kijana wa uhakiki akaja na daftari, akahesabu mikorosho ya shamba langu, akasema haiwezi kutoa mzigo huo. Mama akamshika mkono, akampeleka shambani kwake, mti kwa mti, akimtajia upi aliupanda mwaka upi. Yule kijana alikuwa na adabu, aliandika kila kitu. Fedha ziliingia baada ya miezi mingi. Kufikia hapo wakati wa kununua salfa ya msimu mpya ulikuwa umepita, na nusu ya shamba la mama sikulipulizia kabisa.

Sisemi serikali ijitoe. Nimelikuta soko huria, na stakabadhi ghalani iliyoanza kwetu 2007, yaani kukusanya korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, pamoja na makato yake na malipo ya kusuasua, inamzidi mlanguzi anayekuja na kipimo chake mlangoni. Tena pembejeo za ruzuku zimerudi, nashukuru. Ninachokililia ni kwamba kanuni hubadilishwa na watu wenye nauli ya kufika zinapoandikwa. Hata ushuru wenyewe, sababu inayotajwa ni kuhimiza ubanguaji wa ndani, lakini sehemu kubwa bado inakwenda India na Vietnam ikiwa ghafi, na vile viwanda vilivyojengwa enzi za Mwalimu vingi viligeuzwa maghala baada ya kuuzwa.

Kwa hiyo ukija Masasi, uliza kwanza AMCOS ya hapo, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hupokea salfa mwezi gani. Ikija mwezi wa saba, hilo shamba liogope. Jisajili wewe na kila mwenye shamba katika familia, kila mtu kwa jina lake na akaunti yake. Na kwa kuwa umesema unaishi Dodoma, nina ombi: Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha kabla haujapitishwa mwezi wa sita. Sisi wakati huo tuko shambani tunapulizia. Nitakuandikia yetu kwa mkono, na muhuri wa chama chetu nitauomba. Wewe utupelekee.