Mdogo wangu, salamu za Kidogri hazilipi kodi

Umeniandikia kwamba vijana wa mtaani wanasimulia jinsi Mtanzania anayefika Jammu, huku kaskazini mwa India ninakosoma, akiwa na salamu tano za Kidogri, lugha ya wenyeji, anavyopokelewa kama mwana wa nyumba, na ukaniomba nikuandikie salamu hizo kabla hujajaza fomu za chuo. Nitakuandikia, lakini kwanza acha kuusambaza uvumi huo, kwa sababu hii ni mara ya tatu unanifikia, na kila mara unanikuta nikihesabu rupia za kodi ya chumba.

Ukikutana na mtu, kutanisha viganja kifuani useme "namaste", kisha uulize "ke haal ai", yaani hali ikoje. Unayemheshimu muulize "tus kiyan o", u hali gani, naye atakujibu "main thik aan", mimi ni mzima. Lishike sana hilo neno "tus", kwa kuwa ndilo la heshima, ilhali "tu" ni la rafiki na la mtoto. Mimi nilikuja na Kihindi nilichookota kwenye filamu tulizokuwa tukizitazama kwa jirani, nikamwita mama mzazi wa mwenye nyumba "tu" mbele ya wageni wake. Hakuna aliyenikemea. Walinyamaza, kama ambavyo sebule yetu ingenyamaza mtu akimwambia bibi "mambo vipi", na kimya kile kilinichoma kuliko siku niliyoambiwa kwa simu kwamba kuna chumba, na nilipofika nikatazamwa usoni na kuambiwa kimeshapangishwa.

Usidhani kitabu kitakuokoa. Kidogri huandikwa kwa Devanagari, herufi zilezile za Kihindi, lakini ni lugha ya toni, yaani sauti ikipanda au kushuka neno hubadilika maana: nyumba inaandikwa "ghar", nawe utaisikia kama "kar" iliyosemwa kwa sauti ya chini. Tena watakwambia ni lugha rasmi ya Jammu na Kashmir tangu 2020, jambo ambalo ni kweli, ila ofisini nilikoandikisha ukaaji wangu sikuulizwa hata neno moja la Kidogri, na vijana wengi wa mjini huongea Kihindi wao kwa wao. Kwa hiyo usijisumbue nayo, utaishi. Hapana, jisumbue: mwuza mboga aliyekuwa akinipa nyanya zilizobonyea alianza kunichagulia nzima tangu nilipomuuliza hali yake kwa lugha ya mama yake.

Salamu kubwa kuliko zote ni "pairi pauna", naanguka miguuni pako. Mdogo huinama akagusa miguu ya mkubwa, na mkubwa humwekea mkono kichwani akimwombea maisha marefu. Ni shikamoo na marahaba kabisa, isipokuwa sisi tunasema tunashika miguu tukiwa tumesimama wima, wakati mwingine tukiwa tumeshatoka mlangoni, na wenzetu wanaishika kweli. Bibi yule niliyemkosea ninamwinamia kila asubuhi, naye hunisamehe upya kila asubuhi.

Mama yetu je? Shikamoo yake ninaituma kwa ujumbe wa simu, usiku, nikijua amelala, kwa sababu akiwa macho ataitika marahaba, kisha atauliza kama nimetuma chochote. Visa ya masomo hairuhusu kufanya kazi, hilo nimemweleza, lakini yeye naye ameusikia uvumi wenu. Nimejifunza kuwaamkia wazee wa watu vizuri kuliko ninavyomwamkia aliyenizaa.

Njoo, chuo ni kizuri. Au subiri mwaka mmoja, uje na kodi ya miezi sita mkononi na sweta moja, maana ukungu wa Januari hapa si mchezo. Jioni ukipita kwa mama, mwambie nimemwamkia. Habari ya chumba usimwambie.